Bakuli la Rakia la Babu Rangel

Watu wa kijiji chetu wakimtaja Rangel Bozhkov huanza na kilo mia moja themanini na mbili. Ndizo alizozinyanyua juu ya kichwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, na picha yake ya siku ile, mishipa ya shingo imemsimama, bado imetundikwa posta. Mimi nikimtaja naanza na bakuli jeupe lililokaa dirishani jikoni kwake. Vyuma havikumweza. Bakuli lile lilimmaliza.

Naitwa Zlatka. Nyumba yangu na yake zimetenganishwa na ukuta wa mawe, na kabla ya ujirani tulikuwa wote katika shule ya michezo, yeye mnyanyua vyuma, mimi mpishi. Kila asubuhi kocha aliniletea kikombe cha vidonge vya rangi ya waridi, niweke viwili viwili kando ya chai ya vijana. "Vitamini," alisema. Nikaweka. Aliyeuliza sana alifungashiwa virago akarudishwa kwao, kwa hiyo hatukuuliza. Kumbe ilikuwa homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani, wakilishwa watoto wa miaka kumi na sita. Hadi leo nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Mwili ukiletewa kitu miaka na miaka, mwisho huacha kukitengeneza wenyewe. Rangel na mkewe walingoja miaka kumi na mmoja kumpata binti yao Sevda, na baada yake hawakupata mwingine. Alipofika miaka hamsini na tisa, mkewe ameshafariki, mwanamume aliyekuwa akibeba pipa la zabibu peke yake akawa analala mchana kutwa. Mifupa inamuuma, ndevu zimepungua, anatokwa machozi kwa kuona tangazo la sabuni kwenye televisheni. Sote tulidhani ni majonzi ya kufiwa. Daktari wa mjini akampima damu, akakuta testosteroni, ile homoni ya kiume, karibu hakuna, akamwandikia jeli yenye homoni hiyo ya kupaka mabegani kila asubuhi.

Ilimsaidia, nisimsingizie mtu. Baada ya miezi mitatu alikuwa juu ya ngazi anapogolea mizabibu, ananichokoza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Zlatka! Kama unatafuta mume, mimi hapa, mpya kutoka kiwandani!"

"Mume wa kupakwa mafuta kila asubuhi kama bawaba ya mlango? Nenda zako huko!"

Furaha yake kubwa ilikuwa Kalina, mjukuu wake. Baba wa mtoto alikwenda Ujerumani kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi, na Sevda alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo mjini, anaondoka alfajiri anarudi jioni. Kwa hiyo mtoto alilelewa na babu. Alikula naye, akalala kifuani kwake, akazunguka kijiji kizima akiwa mabegani mwake.

Daktari alikuwa ameonya. Ukishapaka, nawa mikono vizuri kwa sabuni, vaa shati, mtoto asiguse ulipopaka. Rangel alishika neno moja tu, kunawa. Na kwetu rakia, pombe yetu kali ya matunda, si ya kunywa tu. Jino likiuma ni rakia, nyuki akikuuma ni rakia, mtoto akikohoa anasuguliwa rakia kifuani na mgongoni, hivyo ndivyo tulivyokuzwa sote. Rangel hakuona sabuni gani inaweza kuishinda rakia kwa kusafisha. Basi kila asubuhi alimimina kidogo katika lile bakuli, akasuuza mikono yake yenye jeli. Na kwa kuwa hakuna mtu hapa anayemwaga rakia, iliyobaki aliitumia kumsugua Kalina, maana mtoto alikohoa majira mawili ya baridi mfululizo. Rakia yenyewe niliitengeneza mimi, kwa plamu za uani kwangu.

Kalina alipokaribia miaka mitano alianza kunuka jasho la mtu mzima. Akatoka chunusi kwenye paji la uso. Sauti ikawa nzito, na akikasirika anarusha viatu. Siku moja alishika mpini wa ufagio, akaunyanyua juu ya kichwa, akanguruma kama babu yake enzi zile.

"Umeona?" Rangel alinipigia kelele. "Damu ya Bozhkov hiyo! Huyu atawaaibisha wanaume wote wa nchi hii!"

Nikacheka. Mimi niliyeviweka vile vidonge mezani, niliyeona wasichana wa shule ile wakiota masharubu, nikasimama pale nikacheka.

Sevda ndiye aliyeona, akimwogesha mtoto siku ya Jumapili. Alikuja kwangu mikono bado ina povu.

"Shangazi," alisema, ndivyo anavyoniita tangu utotoni ingawa si ndugu, "ana nywele."

"Nywele wapi?"

"Huko chini. Mtoto wa miaka mitano, shangazi!"

Walimpeleka hospitali kubwa ya mji wa Plovdiv. Wakampiga picha ya mkono, mifupa ikaonekana ya msichana wa miaka minane. Wakasema huenda kuna uvimbe tumboni unaomwaga homoni, wakatoa damu, wakasema subirini. Siku tisa Rangel hakula kitu cha maana. Alikwenda kanisani asubuhi na jioni kuwasha mishumaa, yeye ambaye hata Pasaka huingia amechelewa. Siku ya kumi daktari alimwambia Sevda kwamba hakuna uvimbe. Kisha akamuuliza nani nyumbani anajipaka dawa.

Nilikuwepo jikoni Sevda aliporudi. Hakuvua hata koti.

"Baba, ukishapaka ile jeli, unanawa na nini?"

Rangel akaonyesha bakuli kwa kidole. "Kwa rakia. Nasafisha vizuri sana, usiwe na wasiwasi."

"Na hiyo rakia unaimwaga wapi?"

Niliona uso wake ukibadilika kabla hajajibu.

"Siimwagi," alisema.

Sevda alieleza yote akiwa amesimama. Harufu itaisha, sauti huenda ikalainika kidogo. Ila mifupa iliyokwisha kukua mbio hairudi nyuma. Sasa Kalina atakuwa mrefu kuliko wenzake, halafu ataacha kukua mapema, na wenzake wote watampita.

"Ni mimi?" Rangel aliuliza. "Ni mimi niliyemfanyia hivyo?"

"Ndiyo, Baba." Alimchukua mtoto siku ileile, wakahamia chumba cha kupanga karibu na kiwanda.

Kesho yake nikaliokota lile bakuli uani kwangu, Rangel amelirusha juu ya ukuta. Yeye alikuwa mjini kwa daktari, anaomba abadilishiwe dawa. Daktari akamwambia kuna sindano, lakini damu yake imeshaanza kuwa nzito kwa jeli hiyohiyo, na sindano ingeweza kumletea kiharusi. Aendelee na jeli kidogo, na sabuni, na mtoto asimkaribie asubuhi. Rangel akasema hapana. Daktari akamweleza waziwazi kwamba akiacha, uchovu utarudi, mifupa italegea, na huzuni nayo itarudi. Akajibu kwamba huzuni anayo tayari.

Alimpigia simu Sevda nikiwa nimekaa naye. "Nimeacha kabisa. Sina kitu mwilini. Mlete wakati wa mplamu, nimbebe kama kila mwaka." Kwetu, Machi mosi tunafungana mkononi uzi mwekundu na mweupe, na mti wa kwanza ukichanua tunaufunga uzi huo tawini na kuomba jambo. Kila mwaka Rangel alimnyanyua Kalina afunge uzi wake kwenye mplamu wangu. Sevda alisema ataona.

Rangel akaishi kwa kuingoja siku hiyo moja. Mwezi wa Februari nilimwona uani akijaribu kunyanyua ndoo ya maji. Aliifikisha magotini, akaiweka chini, akapunguza maji, akajaribu tena. Nikarudi ndani asijue nimemwona.

Mplamu ulichanua wiki ya mwisho ya Machi, na Sevda akamleta. Kalina alikimbia moja kwa moja akamkumbatia babu yake kiunoni. Rangel alifumba macho. Kisha akanawa mikono bombani kwa sabuni, mara mbili, ingawa hakukuwa na cha kunawa, akamshika mtoto chini ya makwapa.

"Haya, bingwa wangu. Twende juu."

Visigino vya Kalina viliacha ardhi, basi. Mikono ya Rangel ilitetemeka mpaka mabegani, uso ukamjaa jasho. Alimshusha, akavuta pumzi, akainama tena.

"Acha, Babu," Kalina alisema kwa ile sauti yake nene. "Mimi nafika."

Akasimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono, akaufunga uzi kwenye tawi lilelile alilobebwa kulifikia mwaka uliopita. Akageuka, uso umejaa furaha.

"Umeona, Babu? Mimi ndiye mrefu kuliko wote darasani!"

Sevda aligeukia ukuta. Rangel alilitazama tawi, akautazama uzi, akampapasa mtoto kichwani.

"Nimeona, mjukuu wangu," alisema. Kisha akaniomba nimletee kiti.