Gia Nne za Kurudi Nyuma

Jamani, mimi nimeendesha kombi yenye gia nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele.

Msicheke. Au chekeni tu, mama yangu mwenyewe alicheka mpaka meno ya bandia yakamponyoka.

Naitwa Mercia, niko mji wa Oudtshoorn, kusini kabisa mwa Afrika. Natengeneza matrekta na pampu za maji kwenye mashamba ya kufugia ndege mbuni.

Baba alipofariki alituachia kombi ya kulala safarini. Ina kitanda, jiko dogo na mapazia aliyoshona Mama. Injini iko nyuma, chini ya kitanda.

Tatizo moja: haijawahi kuvuka mlima wa Swartberg. Kila Pasaka tunaanza safari ya kwenda kwa mama mdogo, mji wa Prince Albert ng'ambo ya mlima, na kila Pasaka inachemka katikati ya mlima, tunarudi nyumbani na sufuria zetu.

Mwaka huu Mama akachoka.

"Jumamosi, saa sita mchana, iwe juu ya mlima. Isipofika, namuuzia yule bwana wa mjini George anayempigia Elroy simu kila wiki."

Kombi ya Baba! Mle ndani ndimo nilimokulia. Iuzwe? Nikaamua kubadilisha injini.

Elroy ni kaka yangu. Injini hajui, lakini kushauri anajua.

"Weka injini ya petroli, ya silinda tano," akasema huku akigeuza soseji kwenye makaa. "Wanaume wote hapa wanaweka hiyo."

"Na wanaume wote hapa wanachemka mlimani."

"Sasa dizeli? Unataka kumpandisha Mama kwenye trekta?"

"Wewe umeshaona trekta limeshindwa mlima?"

Akaunguza soseji.

Kwa wauza vipuri chakavu nikakuta injini mbili za dizeli, zote zina tabo ya kuzisukumia hewa. Moja mpya mpya, nguvu kibao, lakini ina kompyuta na waya hadi unachanganyikiwa. Ya pili mzee kidogo, nguvu za wastani, pampu ya chuma tupu.

Nikachukua hiyo ya pili, nikaiita Mzee.

Kule juu kompyuta ikigoma, utabaki kuiombea. Pampu ya chuma ikigoma, nina spana.

Ila dizeli haipendi kuzungushwa haraka kama petroli. Ilibidi nifungue giaboksi nibadilishe meno ya gia, gari lisiwe linapiga kelele halisogei. Elroy kasimama kichwani kwangu, ushauri hauishi. Ijumaa jioni nikamaliza kufunga kila kitu.

Jumamosi saa tatu kasorobo asubuhi nikawasha. Tabo ikapiga mluzi. Mama kavaa kofia ya kanisani, chupa ya kahawa mapajani.

Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Kombi ikarudi nyuma, ikaingia kwenye banda la kuku.

Gia ya pili: nyuma. Ya tatu, ya nne: nyuma. Nikaweka rivasi, kombi ikaenda mbele kwa heshima zote!

Nikaelewa. Ndani ya giaboksi, lile duara kubwa la meno linalozungusha magurudumu nilikuwa nimelirudisha upande usio wake, kwa hiyo kila gia ikageuka. Kosa langu mwenyewe, wala si la Elroy. Kulirekebisha ni kazi ya siku nzima.

Hapo ndipo Mama alipocheka, meno yakatoka.

"Hiyo ya mbele ipo?" akauliza akiyarudisha.

"Ipo moja, Mama. Mwendo wa baiskeli."

"Twende."

Tukaenda! Kilomita arobaini na kitu, Elroy nyuma na pikapu yake ya petroli, kamba ya kutuvuta tayari. Watoto wa Oudtshoorn walitupita wakikimbia, wakatusubiri, wakatupita tena.

Tulipoanza mlima, sindano ya joto haikutikisika. Mzee anapanda tu, mluzi masikioni, mimi naimba, Mama anaimba wimbo mwingine.

Kwenye kona ya juu nikatazama kioo. Mvuke. Pikapu ya Elroy imechemka, mwendo wetu wa kobe umeiua.

Saa sita kasoro dakika ishirini.

"Ukimrudia, tutachelewa," Mama akasema.

Nilitamani kumwacha. Kweli kabisa, nilitamani. Lakini ni kaka yangu.

Nikaweka gia ya kwanza, ile ya nyuma, nikashuka kama nimezaliwa nikiendesha hivyo. Elroy akafunga kamba bila ushauri hata mmoja. Rivasi. Mzee akavuta magari mawili, moshi mweusi ukatoka, tukapanda.

Tulifika juu saa sita kasoro dakika mbili. Nilishuka nikacheza barabarani peke yangu.

Mama akamimina kahawa.

"Elroy, mpigie yule bwana wa George. Mwambie siuzi."

Elroy akatazama viatu.

"Hakuna wa kumpigia, Mama."

"Kwa nini?"

"Mnunuzi ndiye huyu mliyemvuta kwa kamba."

Kumbe hakuna bwana wa George! Elroy mwenyewe aliitaka kombi iwe yake, akaona aibu kuiomba, ndiyo maana alinisukumia petroli ili nishindwe.

Mama akavua kofia, akampiga nayo mara tatu, kisha akampa kahawa.

Ndugu zangu, chagua injini kwa mlima ulio nao. Na mtu aking'ang'ania kukushauri, muulize kwanza yeye anataka nini.