Matundu Manne ya Wifi Hamisa

Wifi yangu Hamisa ni mwanamke mwema, na nalisema hili mapema ili haya mengine msije mkasema ni uwifi. Anapika vitumbua hapa Tandika tangu hajaolewa na kaka yangu Bakari, na mtaa mzima unamjua kwa mambo mawili. Mikono yake haijawahi kuunguza kitumbua, na mdomo wake haujawahi kusimulia jambo likabaki na ukubwa wake. Akiona panya, habari ikifika kwetu ni paka. Akipata mafua, tunaitwa kusikia wosia.

Kwa hiyo alipoanza kushika ubavu wa kulia kila akila cha mafuta, hatukumjali. Mie mwenyewe nilimwambia aache kudeka. Ikapita miezi mitano, mpaka mchana mmoja akakaa chini pembeni ya jiko, jasho linamtiririka, anatapika, na hasemi neno. Hapo nikaogopa kweli. Hamisa kunyamaza ni dalili mbaya kuliko homa yoyote.

Hospitali wakampiga picha ya tumbo, wakakuta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Hospitali yenyewe ni ya huku huku kwetu, jina silitaji maana walitutendea wema. Daktari alikuwa Gozbert, kijana wa Bukoba, Kiswahili chake kimenyooka utadhani anasoma taarifa ya habari. Akatueleza kwamba hatamchana mchano mrefu. Atamtoboa matundu manne tumboni, aingize kamera kwenye moja na vyuma vyembamba kwenye mengine, awe anatazama kwenye televisheni huku anakata. Mashine ya kazi hiyo ilikuwa moja tu, wanagawana na hospitali ya mkoa mwingine. Wiki sita inakaa huku, wiki sita inakaa kule, na ikisafiri inafungiwa magodoro ndani ya gari ya wagonjwa.

Hamisa akataka kujua hayo mambo daktari kajifunzia wapi. Yule kaka hakuona haya. Akatoa chini ya meza dumu la lita ishirini lililokatwa ubavuni, ndani kafunga simu kwa mipira, na kipande cha ngozi ya kuku. Akasema kila siku akitoka wodini anaingiza vyuma humo, anaishona ile ngozi bila kuitazama, macho yake kwenye simu, mpaka mkono umezoea. Wifi akanigeukia, akaninong'oneza kwamba huyu bwana anashona kuku. Nikamwambia ashukuru, angeweza kuanzia kwake.

Wakampiga nusu kaputi asubuhi, saa sita yuko wodini, na kesho yake mchana tukaruhusiwa. Tumboni plasta nne, kila moja naifunika kwa kidole gumba. Sharti moja kubwa, asibebe ndoo wala sufuria zito kwa wiki kadhaa. Kilichomsumbua kuliko yote kilikuwa bega, maana tumbo hujazwa hewa ili daktari apate nafasi ya kuona, na hewa ikibaki, maumivu yake yanatokezea begani. Ndivyo alivyotueleza Gozbert, na hilo bega ndilo lililomponza wifi yangu.

Huku kwetu mtu akipasuliwa, wanawake wanakuja kumpa pole, wanakaa mkekani, na mgonjwa anafunua kidogo wauone mshono. Umbea upo, sikatai, lakini ndivyo tunavyopimaga pole yenyewe. Mshono mfupi utaletewa uji, mshono mrefu utaletewa kuku. Sasa hao wanawake walipokuja, walimkuta mgonjwa anafagia uwanja. Wakamuuliza panauma wapi, akasema begani. Akafunua, wakaziona zile plasta nne, wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole kabisa kama alikwenda kuchanjwa. Na kwa bahati mbaya wiki ile Hamisa alikuwa kaahidi kupika pilau la harusi mtaa wa pili. Hata jua halijazama, habari ikawa imeshafika sokoni kwamba mke wa Bakari kayakimbia masufuria. Pole tuliyoipata ilikuwa nanasi moja, nalo bichi.

Hamisa alilia, na mie nilimwonea huruma, maana maumivu ya miezi mitano hayakuwa ya uongo. Kesho yake akamtuma Bakari duka la dawa, bendeji pana tatu. Akajizungushia kuanzia chini ya maziwa mpaka kiunoni, akalala chali, akagoma kufunua. Waliorudi kumtazama wakasimuliwa kwamba alikaa wazi muda wa saa nne, na utumbo wake ukawekwa pembeni kwenye beseni, akarudishiwa ukiwa umeoshwa. Mie nilikuwepo hospitali. Nilisikia hayo yote nikainama kutafuta kandambili zangu.

Supu ikaanza kumiminika. Ya kuku wa kienyeji, ya makongoro, ya samaki wa kutiwa ndimu. Mpokeaji mlangoni nilikuwa mie, na niseme ukweli mbele za Mungu, kabla bakuli halijamfikia mgonjwa lilikuwa limeshapungua. Nilijiambia nateka maji ya watu wawili, kwa hiyo supu ni haki yangu.

Tamu kuliko zote ilikuwa ya Raudha, jirani yetu wa ukuta mmoja, mshona mashuka, mtu mpole asiyesikika hata akikohoa. Alileta kila siku kwa zaidi ya wiki mbili. Ijumaa moja baada ya swala akaja na bakuli lake, akachuchumaa kuliweka chini, akashindwa kuinuka. Mkono umeng'ang'ania ubavu wa kulia, jasho linamtoka. Mshiko ule niliujua. Nikamkalisha, nikamuuliza, ikabidi aseme. Na yeye ana vijiwe. Gozbert kampangia Jumatatu, na Jumatano mashine inaondoka. Mfuko wake umevimba, homa inakuja na kuondoka, na daktari kamwambia wazi kwamba wiki sita hana, ukipasuka humo ndani ni roho yake. Supu yote ile alikuwa anaipika bila kuionja, maana hata mvuke wake ulimchefua.

Nikamwambia basi Jumatatu hiyo hapo, twende wote. Akatikisa kichwa, akamwangalia Hamisa alivyoviringishwa pale kitandani.

"Siendi, mwenzangu. Nimeona ulivyofanywa," alisema. "Mie sina mwili wa kuwekwa kwenye beseni. Kama ni kufa, acha nife mzima."

Akaaga, akatoka ameshika ukuta. Hamisa akabaki anatazama dari, kimya, kwa mara ya pili katika maisha yake. Sikumwonea huruma safari hii. Nilimwambia aone alichokifanya, na nikajisikia vibaya papo hapo, kwa sababu mdomo niliokuwa namsema nao ulikuwa na mafuta ya supu ileile. Akasema wakijua, hatakuwa na uso wa kupita mtaani, na nani atanunua vitumbua vya mwongo. Nikamjibu kwamba Raudha hatanunua, hilo nina hakika nalo. Akakaa kitako. Akatafuta kandambili, akatoka na kanga moja kifuani, mie nyuma yake.

Nia yake ilikuwa amwite Raudha pembeni. Lakini Raudha alikuwa barazani kwake na wanawake watatu wanachambua mchele, na hao watatu walipomwona mtu wa utumbo kwenye beseni anakuja kwa miguu yake, wakasimama na nyungo mkononi. Hamisa akaona pembeni hakuna tena. Akaanza kuifungua ile bendeji pale pale. Ilikuwa ndefu jamani, haiishi. Anazungusha, anazungusha, uso umemwiva kwa haya, mpaka ya mwisho ikadondoka miguuni. Tumbo likabaki na alama nne zilizokauka, ndogo kama punje za kunde.

"Ni hizi tu," alisema. "Hakuna beseni. Niliwaongopea kwa sababu hamkuniamini, halafu nikaendelea kwa sababu ya supu. Raudha, nenda Jumatatu, nakuomba."

Hakuna aliyecheka. Raudha akainama, akazigusa zile alama moja moja kwa kidole, kama anakagua mshono wa shuka. Kisha akauliza kama iliuma.

Hapo mie nikafumba macho, maana namjua wifi yangu. Nikasubiri zile saa nne, nikasubiri malaika na mwanga. Hamisa akavuta pumzi, akafikiri.

"Bega," alisema. "Siku tatu. Basi."

Ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akilisimulia kwa ukubwa wake, na machozi yakanitoka mbele za watu. Raudha akamtazama sana. Kisha akasema polepole kwamba jogoo wa supu ya Jumanne alikuwa wa mbegu. Wale watatu wakaangua kicheko, na yeye akacheka ameshika ubavu.

Jumatatu akaenda. Gozbert alituambia mfuko ulikuwa umeoza upande mmoja, angechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Raudha alikaa siku mbili tu, akarudi na plasta zake nne, na Hamisa akaingia jikoni. Wiki ya kwanza supu, ya pili supu, sufuria nalibeba mie. Kuku wawili aliwanunua na wa tatu aliomba kwa mama yake Mbagala.

Wiki ya tatu nikapita kwa Raudha asubuhi, nikamkuta anadeki chumba huku anaimba, mzima kabisa. Kandambili za Hamisa zikasikika uwanjani. Raudha akaegesha dekio nyuma ya mlango, akalala chali kitandani, akaniangalia. Nami nikamwangalia. Kisha nikamvutia shuka mpaka shingoni, nikaenda kupokea bakuli mlangoni.