Mkopo wa Mama Mkwe

Fundi wa makochi alikuwa mtu wa haya. Mteja akimpunja, yeye ndiye aliyeomba radhi. Basi siku afisa wa mikopo alipomwambia kwamba jina lake limechafuka na hakopesheki, alisema "asante" akatoka, akafika mpaka kituo cha basi ndipo akakumbuka kuuliza kwa nini.

Akarudi mbio.

"Kuna mkopo wa simu hujaulipa," afisa akamwambia. "Umechukuliwa kwa namba hii."

Fundi aliitambua namba. Ilikuwa ya mama mkwe. Mwenyewe alimsajilia laini ile kwa kitambulisho chake, mwaka ambao cha mama kilipotea. Na sasa, bila mkopo, cherehani ya kushonea ngozi aliyowekewa dukani ingeuzwa kwa mwingine, na kazi ya viti vya hoteli ingekwenda nayo.

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Nenda kamwulize."

"Nimwulize mama mkwe habari za madeni? Mimi?"

"Basi shona hiyo ngozi kwa mkono, baba."

Jumamosi akaenda. Akasifu mapazia, akasifu dari, akanywa maji glasi baada ya glasi. Mama mkwe akachoka.

"Mwanangu, mtu hapandi mabasi mawili kuja kusifu dari. Sema."

Akasema, macho sakafuni.

"Kukopa nilikopa," mama akajibu bila kupepesa. "Na nikalipa mpaka senti ya mwisho! Nilinunulia hili kochi ulilokalia."

Fundi akainuka kama aliyekalia moto. "Kochi? Mama, na mimi fundi wa makochi nipo?"

"Ndiyo maana. Ningekuagiza wewe, ungekataa hela yangu. Nikaona haya." Akalipiga kochi kofi, springi ikalia ndani. "Lilibonyea mwezi uleule. Nikajikalia kimya."

"Niliona limebonyea nilipolikalia, mama. Nami nikakaa kimya."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, ila walicheka mpaka jirani akachungulia.

Uzuri, mama hakuwahi kufuta ujumbe hata mmoja kwenye simu yake. Jumatatu waliongozana hadi kampuni inayotunza taarifa za mikopo, mama mbele, fundi nyuma. Dada wa kaunta akauliza mwenye malalamiko ni nani.

Mama akafungua kinywa, lakini fundi akamtangulia.

"Ni mimi!" Sauti ikafika mpaka mlangoni. "Mkopo ulilipwa, ujumbe wa malipo huu hapa. Taarifa yenu ina makosa, naomba irekebishwe."

"Jamani, mwoneni!" mama akawageukia watu wa foleni. "Huyu mimi hunisalimia kwa kunong'ona!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dada wa kaunta, naye akicheka, akachukua nakala ya ujumbe, akampa fundi fomu ya kupinga taarifa, akaahidi kuwauliza waliokopesha. Wakaulizwa, ikabainika kweli walipokea pesa zao, ila walisahau kuufunga mkopo. Wakaufunga, jina likasafishwa, na afisa wa mikopo akatia saini mkopo wa cherehani.

Cherehani ilipoteremshwa mlangoni kwenye mkokoteni, fundi hakumngoja mkewe apige simu. Akapiga mwenyewe.

"Mama! Imefika!"

"Nimesikia, mwanangu," mama mkwe akajibu. "Na majirani zangu wote wamesikia."