Mkwe wa Mtumbwi

Kazi yangu ni kutafuta mitumbwi mikuukuu ya mbao, kuitengeneza na kuiuza. Mtumbwi uliozeeka kuliko serikali, mimi naurudishia ujana. Nikipiga msasa, hata watu wa kisiwa cha Remba husikia, wakaacha kuanika dagaa wao wa omena.

Safari moja nilifika kwa mama mmoja mjane, upande wa Magunga. Nyuma ya jiko lake ulilala mtumbwi wa marehemu mumewe, umepinduliwa juu chini, kuku wanataga ndani yake. Mbao za mvule tupu, na jicho jeupe lililochorwa mbele bado linakukodolea. Nikatoa Kiswahili changu cha shule ya usiku, kimepigwa pasi: "Mama, nimekuja kununua mtumbwi huu."

"Kununua?" Akanitazama kama mwizi wa kuku. "Huko shuleni ndiko ulifundishwa kununua binti wa watu?"

Nikakumbuka nikiwa nimeshachelewa. Kwetu ziwani mtumbwi ni msichana, na siku ya kuingia majini hufanyiwa harusi. Hauuzwi, unaozwa!

Nikarudi na shangazi yangu awe jagam, yule mshenga wa Kijaluo. Shangazi huyu akianza kuongea, kiboko hutoka majini kuomba apumzike. Wakanywa chai, wakacheka pamoja, mpaka mama akalegea.

"Sawa, aolewe. Lakini aolewe na mtu wa kumtia majini. Kukaa jikoni amekaa ya kutosha. Na kuku wangu wajengewe nyumba."

Nikaahidi yote. Nikajenga nyumba ya kuku, nikaziba nyufa za mtumbwi kwa pamba, nikapaka rangi mpaka jua likaona haya. Kisha nikamleta mteja hapo kwa mama, shangazi naye akiwepo: mwenye hoteli kutoka Homa Bay. Akauzunguka akipiga mluzi.

"Safi sana, ndugu yangu! Nitaukata katikati, nifanye kaunta."

Moyo wangu ulianguka, nadhani ulifika Tanzania. Kabla sijafungua mdomo, mama akatoka na ugali na samaki, akamwekea mgeni, akajifunika uso kwa leso na kukimbilia jikoni.

"Nimemkosea?" mwenye hoteli akaninong'oneza.

"Hapana. Mama mkwe hali na mkwe wake."

"Mkwe? Kwani nimeoa nani?"

Shangazi akaelekeza kidole kwenye mtumbwi. "Huyo hapo. Na ndiye unataka kukata?"

Mwenye hoteli ni Mjaluo kamili. Anajua kwamba mbele ya mama mkwe hata kukohoa ni kwa ruhusa. Akarudisha tonge sahanini. Kutoka jikoni sauti ikaja, tamu kama asali: "Mwambieni mkwe wangu sikumsikia vizuri. Amesema atamfanya nini binti yangu?"

"Nitamtia majini, mama!" akaruka mwenye hoteli. "Leo! Sasa hivi!"

Tukaubeba mpaka ziwani. Akaingia na viatu vyake vya kung'aa, akapiga kasia kama anafukuzwa na kodi. Shangazi akapiga vigelegele mpaka ndege wakahama. Mama alisimama mbali, leso usoni, jicho moja nje, akimtazama binti yake akielea.

Sasa mtumbwi huo hutembeza wageni wa hoteli ziwani. Kaunta ilijengwa kwa matofali. Na kila mara mwenye hoteli anaponipigia simu, hata kama anataka tu bei ya rangi, huanza hivi: "Mwambie mama mkwe binti yake bado anaelea."