Misumari Tisa ya Kofia

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana sababu ya kupenda kofia. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue habari za Papa Hyacinthe anazipata kwa nani. Kwa miaka ishirini na sita nimekata nywele hapa Kasenga, mtaa mmoja wa mji wetu wa ziwani, Uvira, katika saluni ya mbao iliyo hatua chache kutoka barabarani, na kazi yangu yote inakaa juu ya vichwa vya watu. Nikimchorea kijana mstari pembeni ya kichwa, nataka Uvira nzima iuone kabla ya jua kuzama. Akiufunika kwa kofia, amenifunika mimi.

Mungu naye ana utani wake. Alinipa jirani mshona nguo ambaye hajawahi kuonekana nje bila kofia, tena si hizi za michezo zenye mdomo mbele. Ni zile za kizamani zenye ukingo pande zote na utepe katikati, zile tunazoziita shapo. Papa Hyacinthe ana miaka sabini na mmoja. Cherehani yake iko barazani, ukuta mmoja na saluni yangu, na kando yake kuna jiko la makaa lenye birika linalochemka tangu asubuhi. Wageni hudhani anapika chai, kumbe birika ni la kofia. Sokoni yakifunguliwa marobota ya kaguwa, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine huko mbali, wauzaji humwekea shapo zilizofika zimebanwa kama chapati katikati ya makoti. Yeye huzifukiza kwa mvuke mpaka zilegee, huzivika juu ya sufuria iliyopinduliwa, huzisugua kwa brashi ya viatu, na jioni ile chapati inakaa dirishani na heshima zake zote. Wanunuzi ni wachache sana. Mkewe, marehemu, alikuwa akisema nyumba yao ina wakaaji wawili na kofia arobaini.

Tulibishana kila siku, na nakiri kwamba siku asipofungua nilikosa raha.

"Shapo zitarudia," alikuwa akiniambia huku akikata uzi kwa meno. "Weye utaona."

"Papa, zitarudia wapi? Kijana anakuya hapa nimutengeneze kichwa apige picha. Atakifunika sababu ya nini?"

"Sababu ya jua. Jua ya Uvira haiangaliake picha."

Sasa niwaambie kuhusu ubao. Kanisa letu ni dogo, la Kiprotestanti, na ukiingia, ukutani upande wa kushoto, juu mahali ambapo watoto hawafiki, kuna ubao wenye misumari tisa mikubwa. Aliupigilia baba yake Papa Hyacinthe, aliyekuwa seremala, mwaka kanisa lilipojengwa. Siku zile wanaume wote wenye heshima walikuja na shapo, wakazivua mlangoni, kisha hawakujua waziweke wapi, na wengine wakazikalia. Basi kila msumari ukapata mwenyewe. Hyacinthe alikuwa mtoto, akashika kopo la misumari, na hata leo anaweza kukutajia majina kutoka kushoto kwenda kulia: wa kwanza mwalimu Niyonzima, wa pili mvuvi Irankunda aliyekuwa na kichwa kikubwa kuliko wote, wa tatu baba yake, na kuendelea mpaka wa tisa. Kwa miaka mingi ni shapo moja tu iliyotundikwa pale kila Jumapili, ya Papa Hyacinthe, kwenye msumari wa tatu.

Mwaka huu kanisa likaanza kutengenezwa. Komite ya kazi hiyo inaongozwa na Mama Célestine, mwanamke mwenye haki ambaye hana muda wa kupoteza. Kwenye mkutano alisema ubao utaondolewa, spika mpya itafungwa mahali pale.

"Papa Hyacinthe, utatusamehe," akasema. "Misumari munane haishike kitu. Inashika vumbi."

Papa Hyacinthe akasimama na shapo yake mikononi. Akaizungusha vidoleni, duru moja nzima.

"Munipe mupaka Pentekoste," akasema mwishowe. "Siku ile, kama kuko musumari hata moja haina shapo, mutaondosha ubao. Minye mwenyewe nitaleta ngazi, nitaishika."

Mama Célestine akakubali mbele ya wote, na seremala Nzeyimana akaambiwa aje siku hiyo na nyundo yake. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Nikacheka, sitaficha. Nilisema saluni nzima isikie kwamba mzee hatapata hata wawili. Lakini jioni, tukifunga milango, akaniuliza bila ubishi wowote: "Emery, minye nikikufa, nani atajua ile misumari ilikuwa ya ba nani?" Nililala na swali lile, na kicheko changu kikaniuma.

Alianza na vijana, na hapo nilijua amekosea mlango. Chadrack, motari wetu wa kona, yule wa pikipiki ya kubeba abiria, ana moyo mwema, akakubali shapo ya rangi ya kahawa. Ilimkaa vizuri mno, akawa kama waziri aliyekosa gari. Akaondoka nayo kuelekea mtaa wa Kimanga, na mbele kidogo upepo wa ziwani ukaivua kichwani ukaenda nayo. Ikatua juu ya beseni la mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mama akaiona ni nzuri ya kufukuzia nzi, akaiacha palepale. Chadrack aliporudi kuidai, aliambiwa: "Upepo umeniletea. Nenda uulize upepo."

Papa Hyacinthe hakukata tamaa. Akashonea shapo nyingine mpira wa kupita chini ya kidevu. Chadrack akajitazama kwenye kioo changu, akageuka huku na huku, kisha akaivua taratibu.

"Papa, niko sawa mutoto ya shule anaenda kwa pique-nique," akasema. "Utanisamehe."

Wiki tatu zikapita hivyo. Vijana walikuja, wakavaa, wakapiga picha, wakarudisha. Mzee akaanza kupiga brashi kofia ambazo zilikuwa safi tayari.

Kilichobadilisha mambo kilianguka kichwani kwangu, na sisemi kwa mfano. Mke wangu Ernestine alikuwa anafagia juu ya kabati, nami nimeshika kiti, ghafla boksi la karatasi likanishukia na vumbi lake lote. Ndani kulikuwa na shapo nyeusi, mpya kabisa, katika mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimeisahau. Ni ile waliyoniletea wakwe zetu walipomwoa binti yetu Déborah, miaka miwili iliyopita. Kwetu mahari haikamiliki bila koti na shapo ya baba, kama isivyokamilika bila vitenge vya mama. Baba huivaa siku ile moja, anapigwa picha, kisha mama huifunga na kuipandisha juu ya kabati. Haishuki ovyo, maana watu watasema shapo ya mkwe ikichakaa na ndoa imechakaa.

Nikasimama na vumbi kichwani, nikijiuliza ni nyumba ngapi za Kasenga zenye binti aliyeolewa. Wazo hilo lilikuwa usaliti wa kazi yangu, na ndiyo maana nililikalia siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamwona mzee anapiga brashi shapo ileile kwa mara ya nne, nikashindwa. Nikamwambia.

Akasimamisha cherehani. Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

"Kumbe hazikuendaka," akasema. "Zimelala juu ya kabati."

Hakuwaendea wanaume. Alijua funguo ziko kwa nani. Alibeba birika lake nyumba kwa nyumba, akiwaomba akina mama wamwonyeshe tu shapo zao, azipigie mvuke bure. Wakikataa, aliwaambia: "Binti mulimutoa, anatembea, anazaa, anacheka na batu. Shapo yake munaifungia sababu ya nini?" Wengine walicheka wakafungua. Na katika nyumba ya nne walipofungua plastiki walikuta nondo wamekula ukingo mzima. Mama mwenyewe alilia kana kwamba binti ndiye aliyeliwa. Papa Hyacinthe akaitia kiraka kwa mikono yake mpaka hukioni, na habari hiyo ilifika mtaa wote kabla yake. Kuanzia kesho yake akina mama walipanga foleni barazani na maboksi yao, na mimi wateja wangu walinyolewa katikati ya mvuke.

Jumamosi ya mwisho, mkesha wa Pentekoste, alihesabu wanaume waliokubali kuja na shapo zao. Walikuwa saba. Pamoja na yeye, wanane.

"Munane," akaniambia, basi. Hakuniomba. Alijua nina shapo, maana ni mimi niliyemwambia, na alijua pia nilivyosema miaka yote juu ya kofia. Aliona haya kwa niaba yangu. Hilo lilinikata zaidi kuliko kama angepiga magoti.

Nyumbani nikamwambia Ernestine, nikitumaini atanikataza, maana alikuwa amelirudisha boksi juu ya kabati, akaapa kwamba yetu haitashuka ovyo.

"Minye ni kinyozi," nikamwambia. "Nikivaa shapo, batu batasema nini?"

"Papa Déborah," akasema, "weye unajua kama nyuma ya kichwa yako kuko uwanja ya mupira?"

Sikujua. Nilichukua vioo viwili, nikajitazama kisogo, na uwanja ulikuwapo, mpana, hata majani hayakuota. Kinyozi hajinyoi. Miaka yote nachungulia vichwa vya Kasenga, na changu kimenihama bila kuaga. Ernestine alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akapanda kwenye kiti yeye mwenyewe, akaishusha shapo, akaipuliza vumbi.

"Nilisema itashuka siku ya maana," akasema. "Sasa kesho ni siku gani?"

Jumapili nilifika mapema. Nzeyimana alikuwa ameketi benchi la nyuma, nyundo magotini. Wale saba wakaingia mmoja mmoja, wakitembea wima kama siku ya mahari ya binti zao, wakatundika. Nami nikavua yangu mbele ya watu wote, uwanja wangu ukaonekana, nikaitundika. Ukabaki msumari mmoja, wa tatu, na huo kila mtu alijua ni wa nani.

Ndipo akaingia Chadrack, anahema, na mkononi ana ile shapo ya rangi ya kahawa. Alikuwa ametoka Kimanga. Alimpata yule mama, akamwomba, akambembeleza, mwisho akambebea beseni lake mpaka sokoni, na shapo akarudishiwa, inanuka ndagala mpaka madhabahuni. Aliona msumari uko wazi, akatundika bila kuuliza. Nilifungua mdomo nimzuie, nikaufunga. Kijana asiye na binti wala mke ameleta shapo kanisani kwa mapenzi yake, ningemwambia aende wapi nayo?

Papa Hyacinthe alifika wa mwisho, na ngazi begani.

Tulielewa sote. Mzee alikuwa amehesabu wanane, na hakutaka kuja mapema kuuangalia msumari ulio wazi. Alikuja kutimiza ahadi. Akaiegemeza ngazi ukutani bila kuinua macho, akavua shapo yake, akanyoosha mkono kwenye msumari wa tatu kama anavyofanya kila Jumapili. Mkono ukagusa kofia ya mtu.

Akatazama juu. Niliona midomo yake ikihesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kurudi kushoto. Tisa. Akanitazama mimi, akaitazama shapo nyeusi, akanitazama kisogo. Alibaki amesimama, shapo mkononi, hana pa kuiweka, na machozi yanamtoka huku anatabasamu. Nami nililia, na sioni haya.

Mama Célestine akainuka kutoka benchi la mbele, akaja mpaka mlangoni, akaupima ubao kwa macho.

"Nzeyimana," akaita. "Nyundo iko?"

"Iko, Mama."

"Na musumari?"

Nzeyimana akapapasa mfukoni, akatoa mmoja. Mama akamwonyesha kidole mwisho wa ubao, upande wa kulia, palipobaki nafasi ya kiganja.

"Piga pale."

"Ule ni wa nani?" Papa Hyacinthe akauliza.

"Ni wako, Papa. Siku zote ulikuwa unatundika kwa wa baba yako."

Mzee akanipa shapo yake nimshikie. Mimi, kinyozi. Kisha akaenda kwenye ngazi, akaisogeza chini ya mahali pale, akaikamata kwa mikono miwili.

"Panda," akamwambia Nzeyimana. "Nilisema nitaishika."