Pikipiki ya Kwenda Mizingani

Mizinga yetu ya nyuki ipo ndani ya msitu, mbali kidogo na Ushirombo, mahali ambapo barabara inakoma na kubaki njia ya miguu tu. Kwa miaka mingi dereva alikuwa mume wangu. Alikuwa na pikipiki ya kawaida, kama hizi za bodaboda, nami nilikaa nyuma huku ndoo za asali zikinibana kulia na kushoto. Mwaka juzi, kwenye mteremko, tuligonga kisiki kilichofunikwa na majani. Injini ilipasuka kwa chini, oili yote ikamwagika mchangani, na goti lake likateguka. Goti lilipona, ila si la kupigia kiki tena, wala la kuzuia pikipiki isianguke.

Jioni moja tukiwa tunapukuchua mahindi, akaniambia, "Mama watoto, sasa dereva ni wewe. Tutafute pikipiki ya porini hasa."

Kuendesha nilikuwa najua. Nilijifunza wakati wa usichana wangu, kwenye uwanja wa kanisa, kwa pikipiki ya kaka yangu. Lakini uwanjani hakuna mizizi, hakuna mchanga wa kumeza tairi, hakuna mbung'o wanaokufukuza na kukuuma shingoni wakati mikono yote miwili imeshika usukani. Moyo ulinidunda, na sitasema ulikuwa woga mtupu. Nilifurahi pia.

Tulianzia Kahama. Mume wangu aliingia dukani na kusimama mbele ya moja nyekundu, ndefu, yenye tairi za meno makubwa na madigadi ya mbele iliyonyanyuka kama mdomo wa korongo. Muuzaji akaiwasha. Ikanguruma hadi watu wa duka la pili wakachungulia.

"Hii ndiyo ya porini," mume wangu akasema, huku akipapasa tenki.

Nikafunga kanga vizuri juu ya suruali, nikapanda. Miguu yangu ikaning'inia. Hata nikinyoosha vidole, sakafu siipati.

"Utaizoea tu, mayu," muuzaji akanitia moyo, akiniita mama kwa kilugha.

"Kuizoea nitaizoea," nikamjibu, "ila miguu haitarefuka."

Walicheka wote dukani, isipokuwa mume wangu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliongea kidogo sana, na kila alipofungua mdomo ilikuwa habari ya ile nyekundu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimweleza paroko wetu. Yeye huzunguka vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, kwa pikipiki ya aina hiyo hiyo, sema si ndefu kama ile. Aliniambia pikipiki ya porini haichaguliwi juu ya marumaru ya dukani. Akanipa ufunguo wa yake, nikaijaribu kwenye njia ya kwenda kisimani.

Mwanzoni nilienda vizuri. Shokapu zilimeza mashimo kiasi kwamba nilijiona nimekalia godoro. Nilipofika kwenye mchanga nikapunguza mwendo, na hapo ndipo nilipokosea, maana tairi la mbele lilizama na pikipiki ikalala ubavu, nami pembeni yake. Sikuumia. Lakini kuinyanyua sikuweza. Nilivuta, nikasukuma, nikakaa chini nikahema. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuokota kuni wakatua mizigo yao wakanisaidia, tukacheka mpaka machozi.

"Imekuwaje, mama?" paroko akauliza aliponiona nina vumbi hadi kwenye nyusi.

"Baba, ni nzuri. Lakini ni nzito kuliko mimi na mume wangu tukijumlishwa."

Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka. Sikutafuta nguvu wala ngurumo. Nilitaka nyepesi, ambayo nikiiangusha naiinua mwenyewe, yenye injini iliyokaa juu isiguswe na visiki, na spea zake nizipate bila kwenda Mwanza.

Tuliipata Masumbwe, kwa bwana mmoja aliyekuwa akizunguka misituni kuchukua sampuli za udongo kwa ajili ya watu wanaotafuta dhahabu. Kazi ile alikuwa ameiacha, akafungua mashine ya kusaga. Pikipiki yake ilikuwa ya kijani iliyopauka, imekwaruzwa kila mahali, na chini ya injini amechomelea bamba la chuma. Kiti alikuwa amekipunguza sponji. Nilipopanda, nyayo zangu zilifika chini.

"Hii si ya mtoto?" mume wangu akaninong'oneza.

Niliiendesha nyuma ya mashine, palipokuwa na visiki vya miti na mchanga uliochanganyika na pumba. Nikazunguka, nikarudi, nikazima. Kisha nikaishusha taratibu mpaka ikalala chini.

Mwenye nayo akaruka. "Mama! Mbona unaiangusha?"

"Huko niendako itaanguka tu," nikasema. "Nataka nijue tutainuka vipi."

Nikageuza usukani, nikachuchumaa, nikaegemeza mgongo kwenye kiti chake na kusukuma kwa miguu. Ikapanda. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kahama.

"Basi," akasema. "Hiyo imekukubali."

Wiki ile ile tulikwenda mizingani. Yeye alikaa nyuma, kashika bomba la kufukizia nyuki moshi, akiniambia "kulia, kulia" hata pale njia ilipokuwa moja. Kwenye mchanga nilikaza mkono wa mafuta badala ya kulegeza, na tairi la mbele likaelea juu yake. Tulianguka mara moja tu, kwenye mizizi ya mninga, polepole, kama watu wanaojilaza. Niliinuka nikaiinua, tukaendelea.

Tulifika jua likiwa bado juu. Zamani tulikuwa tukifika tumechoka, tunarina haraka haraka ili giza lisitukute. Safari hii tulimaliza mizinga yote, na muda ukabaki. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache nyuma, na chini ya miyombo uyoga ulikuwa umechomoza, mweupe na wa manjano. Nikatandika kanga ya kuukusanyia. Mume wangu akaanza kuchuma upande wake, huku akiimba wimbo wa Kisumbwa ambao maneno yake nusu huwa anayasahau, na mimi nikachuma upande wangu, nikimkumbusha.