Majoho ya Darasa la Jioni

Kwenye chumba cha kushonea sare kilicho juu ya duka la matairi, sheria ni moja: mkono uliokata ndio unaoshona. Mwenye duka hili la sare aliiweka baada ya mafundi wawili kutupiana lawama kwa shati lililotoka na mikono isiyolingana. Tangu hapo hakuna anayegusa kitambaa kilichokatwa na mwenzake, hata huyo mwenzake akiugua.

Mpwa wake aliijua sheria hiyo vizuri. Mwenye duka ni mama yake mdogo, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyembandika jina la Profesa siku chuo kikuu kilipofungua darasa la jioni, bila ada, kwa wakazi wa mtaa wao. Miaka mitatu Profesa alitoka kazini na nyuzi kwenye nywele kwenda kusoma uhasibu. Wenzake walimtania kwamba akihitimu atarudi kuwakagua vifungo.

Mwaka wa mwisho chuo kilileta dukani kazi ya majoho ya darasa hilohilo. Wafadhili wanaolilipia darasa walitaka picha ya wahitimu mapema, kabla hawajasafiri. Profesa aliomba ayakate yote peke yake. Fundi mmoja akamuuliza kama kichwa chake ni kizima. Alijibu kuwa mabega ya wanadarasa wenzake anayajua, amekaa nyuma yao miaka mitatu. Ilikuwa fahari tu. Lake alilikata refu kidogo, kwa ajili ya viatu ambavyo alikuwa bado hajavinunua.

Kisha chuo kikabadili siku ya mtihani wa mwisho, kwa kuwa ukumbi ulitakiwa na wanafunzi wa mchana, wale wanaolipa. Mtihani ukaangukia asubuhi ya siku ya picha. Habari zilimfikia siku moja kabla, nusu ya majoho yakiwa bado vipande mezani.

Mafundi wawili walikwisha kuvuta viti wamsaidie. Mama mdogo akawarudisha kwenye cherehani zao.

"Mama, ni asubuhi moja tu."

"Nani alikushikisha mkasi?"

"Nilijishikisha mwenyewe."

"Basi mchimba kisima huingia mwenyewe. Shona, Profesa. Au nenda kwenye mtihani wako, wenzako wapigwe picha na vipande mabegani."

Mtu alicheka, kisha akainamia kazi yake. Mama mdogo hakuwa adui wa elimu. Mwanawe wa kumzaa anasoma chuoni hapohapo, mchana. Profesa angeweza kuondoka, ila chumba anacholala kiko nyuma ya duka, na ufunguo huning'inia shingoni mwa mama mdogo. Akakaa. Alijiambia mtihani wa marudio haukosekani. Joho lake alilishona mwisho.

Alipoyafikisha majoho chuoni, wenzake walikuwa wanatoka ukumbini. Msimamizi wa darasa alimwambia kwa upole kwamba darasa la wafadhili halina marudio, akamshukuru kwa kuwahi. Wenzake wakavaa, joho moja likabaki, lake. Mgeni kutoka ofisi ya wafadhili, mwanamke wa kimo kilekile cha Profesa, aliuliza kama naye anaweza kuvaa. Msimamizi akamwashiria fundi amfunge vifungo.

"Limenikaa kama nilipimwa," alisema mgeni.

"Usiinue mkono sana," Profesa akamjibu. "Kwapa nimelishona haraka."